Mwalimu Aliyepiga Picha Mikono

Ukiacha wiki ya kwanza, Mwalimu hakuweka hata mara moja picha ya uso wa mtoto kwenye ukurasa wa darasa mtandaoni. Kila siku ya shule, saa kumi kasorobo alasiri, mabasi ya njano yakishaondoka, aliketi kwenye ukingo wa meza yake akaweka pale picha tatu au nne za kazi ya siku ile, na katika zote ulichokiona ni mikono tu. Mkono umeshika penseli. Mikono miwili inapima maji kwenye kikombe. Vidole vimetandazwa juu ya ramani ya Minnesota, jimbo letu la huku Marekani, kimoja kimegusa mto. Sisi wazazi, wengi tukiwa kazini, tulifungua simu tukaanza kubahatisha: huyu mwenye plasta ni wa nani? Na huyu aliyetafuna kucha, si wangu kweli?

Alikuwa wangu. Mwanangu Kemunto alikuwa na miaka minane, darasa la tatu, katika shule moja ya Brooklyn Park, na alitafuna kucha mpaka nyama. Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi, siku za wiki kwenye nyumba ya wazee kule Coon Rapids, wikendi kwenye nyingine. Mpaka leo nikikata kucha za mzee yeyote, namkumbuka Mwalimu, na sababu naijua. Nilimkosea Mwalimu, naye alikuwa na uwezo wa kuniumbua mbele ya watu, akanyamaza. Nitafika huko. Kwanza nataka mumwone alivyokuwa.

Alikuwa Mtanzania wa makamo, mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyofika mwisho wa ukumbi bila kupandishwa. Sijui alizaliwa wapi hasa, na sikuuliza. Nilichojua ni kwamba alifundisha nyumbani miaka mingi, kisha akaja huku akaanza upya kusomea kazi aliyoijua kuliko waliomfundisha. Alivaa viatu vya theluji tangu Oktoba hadi Aprili, hata ndani ya darasa, akidai kwamba hali ya hewa ya nchi hii haiaminiki. Mfukoni alikuwa na kipande cha chaki, ingawa ubao wa shule ile ulikuwa wa kuandikia kwa kalamu za wino. Alikishika tu alipokuwa akifikiri, na jioni sketi yake ilikuwa na alama nyeupe pajani.

Hakuwa mtu wa kukumbatia watoto. Walimu wengine pale mlangoni walipokea kila mtoto kwa kumbatio na nyimbo; yeye alimpa mkono, akamtazama machoni, akamwuliza kama amekula. Kama hajala, alimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha chakula, akarudi mlangoni. Aliogopa barabara kuu. Alipoalikwa kwenye harusi Roseville alipita njia za ndani, taa baada ya taa, akafika watu wanakata keki, akasema amefika salama na hilo ndilo jambo la maana. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyesimama mbele ya mkuu wa shule na kumwambia kwamba barua za shule zilikuwa zimeandikwa ili zisisomwe.

Simu mkononi mwa mtu mzima hakuivumilia. Ukienda kuongea naye huku unaichungulia, alinyamaza katikati ya sentensi akakungoja. Nilingojwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili niliona haya kama mwanafunzi. Lakini yeye mwenyewe aliishi kwa simu ile ile, maana ndiyo iliyompeleka nyumbani kwetu.

Habari ya mikono ilianza na Baba Furaha. Huyu alikuwa Mkongo, mkimbizi aliyeletwa pamoja na familia yake baada ya miaka mingi kambini, akifanya kazi kwenye ghala. Wiki ya kwanza ya ule ukurasa, Mwalimu aliweka picha za kawaida, watoto wakicheka na vitabu vyao. Siku ya pili Baba Furaha akafika shuleni amevaa koti la Jumapili. Nilikuwa pale kumchukua Kemunto kwa daktari wa meno, kwa hiyo nilisikia.

"Mwalimu, pardon," alisema. "Hizi photo za batoto, zinaendaka wapi?"

"Kwa wazazi wa darasa hili tu, Baba. Kuna neno la siri la kuingilia."

"Njo vile unasema. Lakini nani anachunga mulango? Sisi tulikimbia, Mwalimu. Sura ya mutoto wangu sipendi iko fasi sijui ni wapi."

Mwalimu mwingine angemweleza sheria za faragha. Mwalimu alishika chaki yake mfukoni, akamwuliza, "Na mkono wake, Baba? Mkono ukionekana, ni vibaya?" Baba Furaha akafikiri. Akasema mukono hauna neno. Kesho yake ukurasa ukafunguka nyuso zote zimeondolewa, na kuanzia hapo tukawa tunawajua watoto wa watu kwa vidole. Furaha alikuwa na kovu la moto kwenye kidole gumba. Baba yake aliwaonyesha wenzake kule ghalani: ule mukono ni wa kwangu, unaona, unaandika.

Chini ya kila picha palikuwa na maelezo mafupi ya Kiingereza. Mwalimu alijua kwamba nusu yetu tulikuwa hatuyasomi. Wakongo wengine walisoma Kifaransa. Wakenya kama mimi tulijua Kiingereza vizuri sana, ila tulikuwa na usingizi. Kwa hiyo alianza jambo ambalo halikuwemo kwenye utaratibu wa shule: alichukua simu yake mwenyewe, akarekodi dakika mbili za Kiswahili, akazituma kwenye kundi letu la wazazi.

"Wazazi wenzangu, habari za alasiri," ndivyo alivyoanza kila siku, bila kukosa. "Leo tumejifunza sehemu. Kitu kizima ukikigawa mara nne, kila kipande ni robo. Jioni mtoto akikata chapati, mwulizeni amekula robo ngapi. Msimpe jibu. Mwacheni ahangaike kidogo, kuhangaika hakuui."

Baba Furaha alimsikiliza ndani ya gari, familia nzima, kabla ya kuondoka kwenda zamu yake ya jioni. Hakuwasha gari mpaka sauti iishe. Furaha aliniambia mimi mwenyewe, kwa Kiingereza, kwamba ilikuwa "like church", kama kanisani.

Lile "wazazi wenzangu" lilinisumbua. Mwalimu aliishi peke yake kwenye fleti, na hakuna aliyewahi kuona mtoto wake wala picha ya mtoto. Siku moja, kwenye kikao cha wazazi cha mwanzo wa mwaka, nilimchokoza kidogo. "Mwalimu, nasi unatuita wenzako. Wako wapi wako?"

"Tuanze na wako," akasema, akafungua daftari la Kemunto.

Katika kikao kile kile aliwaambia walimu wenzake jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Mwalimu mmoja kijana alilalamika kwamba wazazi wetu hawajali. Mwalimu akamjibu taratibu, "Mzazi huwezi kumlaumu kwa jambo ambalo hakuambiwa. Mwambieni kwanza, halafu mmlaumu." Nilimpigia makofi. Miezi michache baadaye nilijificha nyuma ya maneno hayo hayo.

Sasa nieleze tabia yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu sisi, ujumbe wa mwalimu hauachwi ukining'inia. Ukikaa kimya umedharau. Kwa hiyo dakika ile ile aliyotuma, kundi lilijaa: Amina Mwalimu. Asante sana Mwalimu, ubarikiwe. Vile vimikono vya kusali, vitatu vitatu. Tulifanya hivyo kwa heshima ya kweli, na mimi nilikuwa wa kwanza karibu kila siku. Nilisimama kwenye chumba cha makabati kule kazini, kofia ya baridi kichwani, nikajibu kwa kidole gumba kimoja. Simu ilikuwa imeshanizoea. Niliandika herufi mbili, ikamalizia baraka zote yenyewe. Sauti nilisema nitaisikiliza kwenye gari. Kwenye gari nilitaka kimya. Nilikuwa nimesikia kengele za wazee kumi na sita tangu alfajiri, na dakika zile ishirini za barabara ndizo zilikuwa zangu peke yangu. Picha za mikono niliziangalia daima, nakiri hivyo kwa furaha. Sauti sikuisikiliza.

Ujumbe wa kwanza wa sauti kwangu binafsi, nje ya kundi, ulikuja Novemba. Nikajibu, "Asante sana Mwalimu, ubarikiwe."

Wa pili ulikuja baada ya Krismasi. Nikajibu, "Sawa Mwalimu, nimesikia, nitafuatilia."

Wa tatu ulikuja theluji ikiwa imeanza kuoza pembeni mwa barabara. Siku hiyo nilikuwa nimetia sahihi fomu ya safari ya watoto kwenda makumbusho, na nilidhani anaulizia fomu. Nikajibu, "Tayari Mwalimu, tumeshughulikia. Mungu akubariki."

Aprili, Kemunto alianguka kwenye chumba cha michezo. Alisema dunia imezunguka. Alikuwa na homa, na mto wake asubuhi ile ulikuwa na unyevu wenye harufu, nami niliugeuza upande wa pili nikakimbilia kazini. Hospitali walimchunguza sikio la kushoto. Daktari alikuwa mpole, akanichorea kwenye karatasi: nyuma ya ngoma ya sikio kulikuwa kumeota kitu, kimekua polepole kwa miezi, kimekula vile vifupa vidogo vinavyobeba sauti. Kilibidi kukatwa. Sikio lingepona, alisema, lakini kusikia kwake kwa upande ule kusingerudi. Nilimwuliza ingekuwaje kama tungekuja mapema. Alifunika kalamu yake na kusema kwamba mapema huwa ni bora.

Mtoto akiwa bado kwenye chumba cha upasuaji, akaja mama mmoja wa ustawi wa jamii mwenye faili. Alikuwa na sura nzuri, hakunitisha. Aliuliza nani anamwangalia mtoto nikiwa kazini, kama tuna bima, kama nilikuwa nimeona dalili. Kisha akauliza, "Je, shule iliwahi kukuambia chochote kuhusu kusikia kwake?"

Nilikuwa sijasikiliza zile sauti tatu. Lakini alipouliza tu, nilizikumbuka, vile vialama vyake vya kijivu vya kipaza sauti, na mwili wangu wote ukajua zina nini. Kanisani kwetu palikuwa na hadithi za watu waliochukuliwa watoto na serikali. Nikasema, "Hapana. Hakuna aliyeniambia." Kisha, bila hata kuulizwa, nikaongeza kwamba mwalimu wake ni mtu wa kwetu, anaongea lugha yangu, na kama angeona kitu angeniambia.

Alipoondoka nilikaa kwenye benchi la korido, nikaweka simu sikioni.

"Mama Kemunto, habari za kazi," Mwalimu alisema kwenye ule wa kwanza. "Mtoto hajambo, ila ananiuliza 'what?' mara nyingi mno. Nilidhani ni utundu. Naona anageuza kichwa nikisema naye. Naomba sikio likaangaliwe."

Wa pili: "Nashukuru kwa jibu lako. Nimemsogeza kiti cha mbele. Ni la kushoto, nina hakika. Najua kazi zako, mama. Lakini hili lisisubiri."

Wa tatu sikuufungua. Ofisi ya yule mama mwenye faili ilikuwa mwisho wa korido, mlango uko wazi, naona kiwiko chake akiandika. Ilikuwa hatua kama thelathini. Sikwenda.

Wiki mbili baadaye tuliitwa shuleni: mkuu wa shule, yule mama, Mwalimu na mimi. Mwalimu alikuwa na viatu vyake vya theluji, ingawa nje majani yalikuwa yameshaota. Na jambo ambalo sikuwahi kuliona kwake: alikuwa ameweka simu mezani, mbele yake, inatazama juu.

Mkuu wa shule akamwuliza kama alimjulisha mzazi.

Mwalimu alinitazama. Hakunikazia macho, alinitazama jinsi alivyowatazama watoto mlangoni, akitaka kujua kama wamekula. Mimi nilitazama viatu vyake.

"Nilimtumia ujumbe," akasema, "kwa simu yangu mwenyewe, si kwa njia ya shule. Inawezekana sikueleza vizuri."

Wakanigeukia. "Unakumbuka kupokea ujumbe wowote?"

"Sikumbuki," nikasema.

Mwalimu akainua simu yake. Nilidhani sasa ndiyo basi. Majibu yangu yote matatu yalikuwa mle ndani, na baraka zake. Akaigeuza ikaangalia chini, akaweka kiganja juu yake, akakiacha pale mpaka kikao kilipokwisha. Aliandikiwa kwamba amevunja utaratibu, kwamba habari za mtoto zipite kwenye mfumo wa shule kwa Kiingereza na kwa mkalimani rasmi. Mimi nilipewa pole na orodha ya namba za simu za kupata msaada.

Kesho yake hapakuwa na sauti kwenye kundi. Picha ziliendelea mpaka Juni, na katika moja niliiona mikono ya Kemunto, kucha zimeota kidogo, kwa sababu hospitali walimfunga glovu asiguse bandeji. Shule zilipofunguliwa tena, Mwalimu hakuwepo. Wengine walisema hakuongezewa mkataba, wengine walisema aliaga mwenyewe. Baba Furaha alinikuta kwenye maegesho ya magari.

"Mama Kemunto, sasa nani atatusomea darasa? Mwalimu alienda wapi? Alifanya nini?"

"Ni sheria za huku," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, akasema sheria za huku ni nguvu. Kisha akaingia garini, akakaa kidogo bila kuliwasha, kwa mazoea, halafu akaondoka.

Watu hudhani mtu husumbuliwa na wafu tu. Mwalimu alikuwa hai, mahali fulani kwenye njia za ndani za mji huu huu, na hakuniacha. Nilikuwa nikitandika kitanda cha mzee, chumba kimya, saa ya ukutani ikifika kumi kasorobo, nikasikia "wazazi wenzangu" waziwazi, nikageuka. Nilibadilisha simu mara tatu, lakini ile ya wakati ule niliiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na waya wake. Mara moja kila baada ya miezi niliichaji, nikafungua mpaka kwenye ujumbe wa tatu, nikautazama. Kialama bado cha kijivu. Nikaizima. Sikuogopa kwamba angenitukana, maana hakuwa mtu wa matusi. Niliogopa kwamba angekuwa mwema.

Kemunto alikua. Alijifunza kukaa kwenye kona za vyumba ili watu wote wawe kulia kwake. Alijifunza kuchekelea mzaha ambao hakuusikia. Nikiongea naye Kiswahili ananijibu Kiingereza, kama watoto wote wa huku, lakini wakati mwingine hanijibu kabisa, na mpaka leo sijui kutofautisha ujana na lile sikio. Alijua kwamba ugonjwa ulichelewa kugunduliwa. Hakujua kwa nini.

Alikuwa na miaka kumi na tano nilipomwona Mwalimu tena. Ilikuwa Januari, asubuhi, kwenye lile jengo kubwa la maduka la Roseville. Nilikuwa nimefika mapema kununua viatu vya kazi, na maduka yalikuwa hayajafunguliwa. Saa zile wazee huja kutembea ndani kwa sababu nje barafu inavunja nyonga. Wanazunguka wawili wawili, taratibu, makoti mkononi. Niliona kwanza viatu vya theluji, halafu mwendo, halafu nikamtambua.

"Mama Kemunto," akasema kabla sijaamua kukimbia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Twende, nikisimama goti linagoma."

Tukatembea. Alikuwa amezeeka shingoni na mikononi tu. Aliniambia anawafundisha watu wazima kompyuta kwenye maktaba, na kwamba wana ubishi kuliko darasa la tatu. Aliniuliza kama Kemunto bado anatafuna kucha. Nikasema ameacha, sasa anazipaka rangi nyeusi. Akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu. Tulipofika kwenye duka la vitanda nikaona nisiposema pale sitasema tena.

"Mwalimu, mimi sikuwa nimesikiliza. Hata ujumbe mmoja. Nilikuwa najibu tu."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Ujumbe wa sauti ukisikilizwa, kile kialama hubadilika rangi hata kwa aliyetuma. Vyako havikubadilika mpaka mtoto alipolazwa. Na hata hapo ni viwili tu."

Nilisimama, goti lake au si goti. "Na uliingia navyo kwenye kile kikao? Ushahidi wote ule? Kwa nini hukuwaonyesha?"

"Ningewaonyesha nini?" Alirudi hatua mbili akanishika kiwiko, tukaendelea. "Kwamba nilijua hukusikiliza? Tangu Novemba nilikuwa najua. Wewe uliniambia 'ubarikiwe', nami nikaipokea ile baraka nikaenda nyumbani kupika. Ilitakiwa nikupigie, nije kazini kwako, nisimame mlangoni nikuambie, 'Mama, hukunisikiliza.' Nilimgombeza mkuu wa shule mzima mzima, lakini kumwambia mama mwenzangu hivyo nikaona haya. Basi wote wawili tulikuwa na adabu sana, mama, na mtoto katikati."

Nilikuwa nalia, na wazee wanatupita wakijifanya hawaoni.

"Nilikuwa na mtoto bwenini, nyumbani," akaendelea, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza sehemu. "Nilipokuwa nasoma huku nilipiga simu kila Jumapili. Ndugu yangu alinijibu, 'Anaendelea vizuri, dada, usiwe na wasiwasi.' Miaka miwili. Mtoto alikuwa ameacha shule muhula wa kwanza tu. Ndugu yangu hakuwa mwongo, hakutaka kunivuruga. Na mimi nilisikia kwenye sauti yake kwamba kuna kitu, nikasema asante, ubarikiwe, nikakata simu."

"Yuko wapi sasa?"

"Hatukumpata," Mwalimu akasema.

Tulimaliza mzunguko ule. Maduka yakaanza kufungua milango. Alivaa koti lake polepole, mkono mmoja, kisha mwingine, na nilimsaidia kola.

"Wa tatu ulishausikiliza?" akauliza.

"Bado, Mwalimu."

"Miaka yote hii!" Alikasirika kweli, kama mtu aliyekuta kazi ya nyumbani haijafanywa. "Huo ndio niliouandaa. Niliandika kwanza kwenye karatasi. Na Kemunto anajua?"

"Hajui chochote."

"Mwambie kwanza," akasema. "Halafu akulaumu."

Akaenda zake kuelekea mlango wa maegesho, akitembea katikati kabisa ya njia.

Sikununua viatu. Nilirudi Brooklyn Park, nikatoa ile simu kwenye droo, nikaichomeka karibu na dirisha la jikoni. Ilichukua muda mrefu kuwaka. Kemunto alirudi kutoka shule, akanisalimu, akaanza kuosha mchele kwenye sinki. Nilikwenda chumbani, nikafunga mlango, nikabonyeza.

"Mama Kemunto, habari za kazi. Ni mimi tena. Najua daktari ni foleni na kuomba ruhusa, kwa hiyo leo sikuombi daktari. Nakuomba jambo dogo, la nyumbani. Mtoto akiwa ameshughulika, simama nyuma yake, upande wa kushoto, mwite jina lake kwa sauti ya kawaida. Mara moja tu. Akigeuka, basi mimi ni mzee mwenye kelele, unisamehe, na sitakusumbua tena. Asipogeuka, usiogope, wala usimkaripie. Zunguka uende upande wake wa kulia, mguse bega. Halafu nipigie. Nitapokea hata nikiwa darasani."

Kialama kikabadilika rangi. Niliwaza kama na kwake, popote ilipo simu yake ya zamani, kimebadilika.

Nikarudi jikoni. Nikasimama nyuma ya mwanangu, upande wa kushoto, maji yamefungwa sasa, anachagua mawe kwenye mchele kwa zile kucha nyeusi.

"Kemunto," nikaita, kwa sauti ya kawaida.

Aliendelea kuchagua. Nilimtazama mpaka akamaliza konzi ile, kisha nikazunguka nikaenda upande wake wa kulia, nikamgusa bega.

"What, Mom?"

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Kuna kitu nilificha. Mwalimu wako alituma ujumbe, nami nikasema hakutuma."

Akanitazama, mikono yake inadondosha maji. Akavuta kiti. Nikaweka simu mezani, upande wake wa kulia, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaanza na ule wa kwanza.

"Mama Kemunto," Mwalimu akasema, "habari za kazi."